Pambizo za Mlalo

Konda ndiye aliyeiona kwanza. Tulikuwa tumeshapita Segera, basi limekolea mwendo kuelekea Korogwe, akaja akiyumba kati ya viti na kuinama miguuni pangu. "Mama, umebeba nyama?"

Nikatazama chini. Kijito chekundu kilikuwa kimetoka kwenye begi langu, kimepita chini ya kiti cha mbele na kukaribia viatu vya mzee mmoja aliyelala, kofia usoni. Nikamwambia si nyama, ni rangi.

"Rangi ya nini?"

"Ya Biblia."

Alinitazama kama anavyotazamwa abiria ambaye huenda ikabidi ashushwe njiani, akaniletea kipande cha gunia nifutie, akaenda zake mlangoni.

Ilikuwa chupa kubwa kuliko zote, niliyoinunua Kariakoo siku moja kabla. Nyekundu ndiyo inayokwisha haraka. Wape wanawake rangi sita na karatasi, nyekundu itatangulia kuisha, kwa ajili ya mioyo, msalaba na waridi, kwa mpangilio huohuo. Sasa nilibaki na bluu, njano, na chupa ya utando mweupe ambao huwa tunaupaka kwenye ukurasa kabla ya kuchora ili rangi isipenye upande wa pili. Ya utando nayo nilikuja kugundua Lushoto kwamba kifuniko chake kilikuwa kimelegea, na kilichobaki hakikutosha kupaka hata Waraka wa Yuda.

Nieleze kazi yenyewe. Kwa miaka minne sasa, Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili, wanawake wa usharika wetu Dar es Salaam hukaa chini ya mwembe uani kwa mchungaji, kila mmoja na Biblia yake. Tunasoma kifungu kimoja kifupi mara tatu kwa sauti. Kisha tunanyamaza, na kila mtu anaandika au kuchora alichokisikia, palepale pembeni mwa maandiko. Marekani, ambako mtindo huu ulishika sana katika miaka ya 2010, umekuwa na maduka yake kabisa. Kampuni ya Crossway ilitoa Biblia ya Kiingereza yenye nafasi pana ya kuandikia mwaka 2006, na sasa kuna vibandiko, mihuri na tepu za maua za kila namna. Wifi yangu aliyeko Houston aliniletea Biblia moja ya aina hiyo na mfuko mzima wa vibandiko. Vibandiko niliwagawia watoto wa Shule ya Jumapili. Ua ambalo ameshalichora mtu mwingine, kazi yako ikawa kulibandua na kulibandika, halikulazimishi kusoma chochote.

Sisi tunaiita Biblia ya rangi, basi. Na ile nafasi ya pembeni inaitwa pambizo, neno ambalo masikio yangu husikia kupamba ndani yake, wenye kamusi wanisamehe. Tatizo ni kwamba Biblia zetu karibu hazina pambizo. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, mara nyingi hupangwa kwa safu mbili zilizobanana, na ukingo uliobaki ni mwembamba kuliko kidole gumba changu. Karatasi yenyewe ukiinyanyua juu ya dirisha unasoma kurasa mbili kwa pamoja.

Aliyenialika ni Mama Mwenyekiti wa umoja wa wanawake katika mtaa mmoja wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) juu ya Mlalo, milimani Usambara. Alikuja Dar kumuuguza binti yake aliyejifungua, akaletwa chini ya mwembe, akakaa nyuma kabisa bila kugusa brashi. Tulipomaliza akanifuata. "Uje na kwetu. Beba rangi nyingi, kwetu kuna kijani tu."

Kutoka Korogwe hadi Mombo mkonge umesimama pande zote mbili za barabara, mistari iliyonyooka inayogeuka kama njiti za gurudumu la baiskeli basi likipita. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake ya kwanza kutoka Florida. Mwaka 1893 ilipopandwa ilikuwa imebaki hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote hayo. Nilijiliwaza na hesabu hiyo huku vidole vyangu vimegeuka vyekundu kama vya mchinjaji. Sikujua kuwa ule mkonge wenyewe ungenifaa kesho yake.

Mombo ni joto, mishikaki na mayai ya kuchemsha yanayopitishwa madirishani. Halafu barabara inaingia mlimani, na ndani ya kilomita 33 unatoka kwenye feni na kuingia kwenye sweta. Ilikuwa Julai. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Pale Soni maporomoko yanaonekana kutoka dirishani, na aliyekaa karibu yangu, mfanyabiashara wa karoti, alinionyesha kwa kidevu upande wa Vuga.

Vuga nilikuwa nikiijua kwa sababu mbili, na zote zilinihusu. Ndiko alikokaa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, na mwaka 1848 alipokelewa huko mmisionari Ludwig Krapf aliyepanda kutoka pwani. Krapf huyo ndiye aliyeanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili Mombasa, Juni 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe Rosine alikufa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Sijawahi kufungua sura za kwanza za Mwanzo tangu niliposoma habari hiyo bila kuhesabu miezi ile miwili. Sababu ya pili ni kiwanda cha uchapaji cha Vuga, kilichoachwa na wamisionari wa Kijerumani wa Betheli, ambacho jina lake nililikuta kwenye vitabu vya kanisa vya nyumbani kwetu kabla sijajua kama Vuga ni mahali au ni mtu.

Nililala Lushoto. Asubuhi gari dogo lilitupitisha msitu wa Magamba, ukungu ukidondoka majanini kama mvua isiyo na haraka, kisha Lukozi penye magunia ya kabichi yaliyorundikwa hadi usawa wa mapaa, kisha likaanza kushuka. Mlalo imekaa ndani ya bakuli. Ukitokea juu unaona nyumba za udongo mwekundu, nyingine zina ghorofa na roshani za mbao zilizochongwa, zimebebana mgongoni mwa kilima, na mashamba yamepanda pande zote hadi pale ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Bonde hili limewahi kuletewa mipango na wageni. Wamisionari wa Betheli walifika 1891. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuokoa udongo, watu wakaamriwa kulima matuta, na wanawake ndio walioshika majembe. Wakakubali mbele ya bwana shamba, wakakataa wakirudi nyumbani, mpaka kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. Simulizi hiyo alinipa Mama Mwenyekiti mwenyewe tukipanda kuelekea kwake, begi langu kichwani mwake, pumzi yake haijabadilika, yangu imekwisha. Aliisimulia akicheka. Ningeisikiliza vizuri zaidi kama nisingekuwa natafuta pa kukanyaga.

Jioni alikuja mzee wa kanisa. Alivua kofia, akaulizia safari, akaulizia Dar, akanywa chai ya tangawizi hadi nusu ya kikombe ndipo akasema lililomleta. "Mwalimu, nimesikia mtapaka rangi Neno la Mungu."

Nilikuwa na jibu, maana Dar nilishaulizwa. Nikamweleza habari za monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, Tigray, ambako watawa wametunza Injili zenye picha ambazo vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Nikamweleza habari za Siyu, kisiwani Pate, ambako waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kingo zake kwa nyekundu, nyeusi na manjano. Nikasema kwamba Waafrika wamekuwa wakirembesha vitabu vitakatifu tangu zamani, wa dini zote mbili, na wala hawakuomba ruhusa kwa Mmarekani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Hao walikuwa mafundi," akasema. "Hawa wanatoka kupalilia." Akamalizia chai yake, akaaga. Mpaka leo naona alinishinda.

Usiku ule ndio niliolazimika kumweleza Mama Mwenyekiti habari za begi. Hakusema pole. Aliuliza zilizobaki ni ngapi, akatuma mtoto kwa shangazi yake, na baada ya nusu saa tulikuwa wanawake watano kuzunguka mafiga. Mmoja alikuja na kabichi nyekundu, ile inayolimwa kwa ajili ya hoteli za mjini. Tukaikatakata, tukaichemsha, maji yakawa zambarau. Tuliyagawa bakuli tatu. La kwanza tukaliacha. La pili tukalikamulia ndimu, likawa waridi palepale, watoto wakapiga kelele. La tatu tukatia magadi kiasi cha ncha ya kisu: likageuka bluu ya anga la Dar saa nne asubuhi. Mama mmoja akaongeza magadi kidogo, likawa kijani, akakemewa na wenzake kwamba kijani kipo cha kutosha huko nje.

Manjano ya jikoni ilitoa njano, na ikitiwa magadi, rangi ya tofali. Mkaa tuliusaga tukaukorogea ute wa yai, tukapata wino mweusi unaong'aa. Choya nilikuwa nimebeba pakiti moja kwa ajili ya kunywa. Ikawa nyekundu yetu. Hina ililetwa na jirani Mwislamu, kwenye bakuli la bati, pamoja na ujumbe kwamba mwalimu asisahau kurudisha bakuli. Brashi nilikuwa nazo kumi na mbili. Zilizobaki walizitengeneza wenyewe kwa nyuzi za mkonge zilizofungwa kwenye vijiti na kupondwapondwa ncha, na kwa kuchora mstari mnene zilizipita zangu.

Nilitarajia watu ishirini. Jumamosi walikuja 34, sweta juu ya vitenge na kanga juu ya sweta, na Biblia 19. Wengine walikuwa wakichangia na waume zao, na waume wamekwenda nayo kwenye mkutano mwingine. Mabinti sita Biblia zao zilikuwa kwenye simu. Mmoja alinionyesha yake, kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona. "Mwalimu, yangu imeshachorwa."

Mbele kabisa alikaa bibi ambaye wote walimwamkia kwa kupiga goti. Biblia yake ilivikwa kitambaa cha kanga iliyochakaa na alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Nilipomsogelea na bakuli la bluu aliigeuzia upande mwingine, kama mtu anayemkinga mtoto upepo. "Hii hairudii, mwanangu." Baadaye, wengine wakiwa wameshughulika, aliniita nikae karibu naye akaifungua. Ilikuwa tafsiri ya Roehl. Karl Roehl, mmisionari wa Betheli aliyefanya kazi huku Usambara, alitafsiri Biblia nzima na ikachapwa Stuttgart mwaka 1937. Alijitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Ilipotoka ile ya Union, mwaka 1952, ya Roehl ikaanza kurudi makabatini.

Mumewe bibi alikuwa mwinjilisti. Hakuwa na fedha ya kununua Biblia ya pili, na kanisani walikuwa wameshaanza kusoma mpya. Basi akachukua kalamu ya risasi. Ukurasa baada ya ukurasa, pembeni mwa neno la Roehl aliandika neno la Union, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, ili akisimama mbele ya watu asome sawa na wenzake. Hakuna maombi, hakuna tarehe, hakuna ua. Maneno tu, mamia kwa mamia, mtu akijitafsiria Kiswahili kwenda Kiswahili. Mahali pengine alilikata lake mwenyewe akarudisha la Roehl. Nilimuuliza bibi kwa nini. "Alilipenda lile," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu anatia chumvi.

Sikumpa bakuli. Alikaa na sisi siku nzima na kitu alichoomba kilikuwa kimoja: kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Alichoandika, kama aliandika, sikukiona.

Mfano wa kwanza niliufanya mwenyewe, kwenye Biblia yangu, bila utando. Kifungu chetu kilikuwa 2 Wafalme 4, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa saba, habari za mjane na mafuta. Nilichora chupa moja kwa maji ya choya, nikaipuliza, nikageuza ukurasa. Nyekundu ilikuwa imepita mpaka upande wa pili, sura ya tano, ikatua juu ya Naamani mwenye ukoma. Madoa manne. Wanawake 34 walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Niliinua Biblia juu ya jiko la mkaa ikauke, maana kwenye baridi ile hakuna kinachokauka chenyewe, na kona ya Wafalme ikakunjamana na kuwa kahawia. Hapo mabinti wa simu wakaonekana kuwa ndio wenye bahati.

Basi tuliacha kupaka Biblia. Mama Mwenyekiti alitoa daftari za mistari na bahasha za kaki, tukakata vipande vyenye upana wa kiganja. Mtu anachora na kuandika kwenye kipande, kikikauka anakipaka uji mzito wa unga wa muhogo ukingo mmoja tu, anakibandika ndani ya mkunjo wa Biblia kando ya kifungu chake, kinabaki kinafunguka na kufunga kama kibao cha dirisha. Ukitaka kusoma, unakifungua. Pambizo tuliyonyimwa na mchapaji tukajiongezea.

Niliyapenda maandiko yale kwa sababu hayachoshi kama Mithali 31, ambayo wanawake wa kanisa tumesomewa mpaka yule mke mwema tukamchoka. Hapa kuna mjane anayedaiwa. Mumewe alikuwa mtu wa Mungu na hilo halikulipa deni. Mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila mafuta kidogo. Anaambiwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani, vingi, na amimine.

Tuliposoma mara ya kwanza walitikisa vichwa kwa adabu. Mara ya pili mama mmoja wa makamo akasema kwa sauti, bila kunyoosha mkono, "Huyo ni kausha damu."

Asiyejua na ajue: kausha damu ni ile mikopo ya haraka wanayopewa wanawake, kwa vikundi au mmojammoja, yenye riba inayokimbia kuliko mkopaji. Kuna siku ya rejesho. Siku ya rejesho ikipita, wanakuja kubeba vyombo. Sufuria, godoro, redio, chochote. Na hapa palikuwa na hadithi ambayo mwenye deni anaambiwa akakusanye vyombo badala ya kunyang'anywa. Chumba kilibadilika. Mara ya tatu sikusoma mimi. Walisoma wao, wote kwa pamoja, polepole.

Nimehudhuria shuhuda nyingi kanisani. Zina njia yake, kama barabara ya Mombo, kila mtu anajua kona iko wapi: niliugua, niliomba, nilipona, Bwana asifiwe, amina. Hakuna uongo ndani yake, ila kuna vitu vingi visivyopita kwenye njia hiyo. Deni ambalo bado halijalipwa halina ushuhuda. Mwanamke hawezi kusimama Jumapili aseme kwamba aliomba na mdai akaja vilevile. Lakini mpe kipande cha bahasha upana wa kiganja, mwambie kuna kifungu hapa na kuna nafasi hapa kando, halafu nyamaza. Kwa saa mbili na nusu sikusikia kitu ila brashi za mkonge zikikwaruza, kikohozi, na jogoo wa jirani.

Nina tabia ya kuzunguka nikitazama na kusifia. Nilifika kwenye benchi la pili, mama akafunika karatasi yake kwa mkono. Nikasogea kwa mwingine, naye akaweka kanga. Nikarudi kukaa.

Mmoja alinipa ruhusa ya kuandika alichochora, bila jina, na ni yeye peke yake. Alichora kitanda juu ya bodaboda, miguu minne ikitazama juu, na nyuma yake barabara ikishuka kwenye kona. Kando yake mitungi kumi na moja, na ndani ya kila mtungi tarakimu. Jumla ilikuwa chini, imepigiwa mistari miwili kama hesabu ya shule. Alitumia bluu ya kabichi kwa mitungi, na kitanda alikiacha bila rangi.

Sasa kulikuwa na jambo la kamba. Dar huwa tunamalizia kwa maonyesho: kamba kutoka dirisha hadi dirisha, vibanio vya nguo, kazi zote zinaning'inia, mchungaji anakuja kutazama na kuomba. Kamba nilikuwa nimeshaifunga tangu asubuhi. Mchungaji alikuwa amealikwa saa kumi. Ilipofika saa tisa nikatangaza kwamba ambao vipande vyao havijabandikwa wavilete. Hakuna aliyesimama. Nikafikiri hawajanielewa, nikarudia. Wakaitikia vizuri kabisa, "Ndiyo, mwalimu," na hakuna aliyesimama. Hapo ndipo matuta ya mwaka 1946 yaliponijia kichwani.

Aliyenitoa kwenye aibu ni yule mama wa makamo, mwenye kausha damu. Alikuwa na kidole chake juu ya ukurasa. "Mwalimu, mstari wa nne," akasema. "Nabii alimwambia akaingie ndani afunge mlango."

Nikatazama. Upo. Nilikuwa nimelifundisha fungu lile mara mbili chini ya mwembe. Nilishachora mafuta, mitungi na majirani, mara moja hata miale ikitoka kwenye mtungi kama taa. Mlango sikuwahi kuuchora. Nabii hakusimama hapo kutazama. Majirani walioazimisha vyombo hawakualikwa waje waone vikijaa. Mama yule na wanawe, mlango umefungwa, mafuta yanamiminwa.

Mama Mwenyekiti aliinuka bila neno akaenda kuongeza moto chini ya uji wa muhogo. Wakapanga foleni na Biblia zao. Waliokuwa wamekwisha kubandika ukingo mmoja wakapaka na kingo nyingine tatu, wakafunga. Wengine walikunja kipande mara mbili wakakigundisha chenyewe kama barua. Mabinti wa simu waliweka vyao ndani ya bahasha za sadaka na kuzipaka uji mdomoni. Mmoja akauliza kama ukitaka kuona tena inakuwaje. "Unachana," akajibiwa.

Kamba ilikuwa bado inaning'inia, tupu, vibanio vyote arobaini juu yake. Kumbe hakuna aliyeiona kama mimi. Waliokuwa wakiosha bakuli walikuwa na vitambaa vya kufutia brashi, vipande vya kanga kuukuu na mashuka, vimelowa bluu, waridi, rangi ya tofali na hina, vikamwagikiana hovyo. Wakavianika pale, maana ndipo palipokuwa wazi.

Mchungaji alifika saa kumi na dakika chache, kijana mwenye tabasamu, buti zimejaa matope. Alisimama mbele ya kamba mikono nyuma. Akatembea taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye kitambaa kimoja chenye doa kubwa la choya akasimama muda mrefu, akasema anaiona Golgotha. Hakuna aliyecheka. Mama Mwenyekiti akasema, "Amina, mchungaji." Tukaombewa, tukala makande.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada nje, kama kawaida, wa vitu walivyotoa wasiokuwa na fedha: mikungu miwili ya ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, karoti, viazi. Dalali alipomaliza jogoo akainua chupa ya lita moja yenye bluu yetu ya kabichi iliyobaki. Ilikuwa imeanza kutoa harufu. Bei ilianzia shilingi mia tano kwa mzaha, ikapanda, ikafika elfu tatu, ikamwangukia yule mzee wa kanisa aliyekuja kwa chai Ijumaa. Akalipa, akaishika chupa juani, akaitazama, akauliza wanawake waliokuwa wamesimama kivulini kwamba hii sasa inatumikaje.

Bibi mwenye Biblia ya Roehl akamjibu kwa Kisambaa, maneno manne au matano. Uwanja mzima ukaangua kicheko, mzee naye akacheka mpaka akashika kofia. Nilimgeukia Mama Mwenyekiti anitafsirie. Alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akanikabidhi bakuli la bati la jirani, akaniambia nilirudishe kabla gari halijaja.